Giza la Bure la Butiama

Bweri, Musoma
14 Aprili 2024

Dada yangu Penina,

Shikamoo. Natumaini kondakta wa basi la asubuhi atakukabidhi barua hii ukiwa mzima, na majirani zako wa Kabasa wakiwa wazima vilevile. Sisi hatujambo. Wifi yako Flora yuko katika zamu za wodi ya wazazi na anakuamkia. Masika yamekula kingo za barabara yetu, kiasi kwamba bodaboda hutushusha kwa jirani na kututakia safari njema. Sato wameadimika mwaloni wanakoshusha samaki. Tunakula furu, visamaki vile vidogo, na nimegundua kwamba furu si adhabu.

Naandika badala ya kupiga simu kwa kuliheshimu azimio letu la Pasaka, kwamba kila neno linalomhusu Mama liwe katika maandishi, kwa kuwa kila mmoja wetu alikuwa na kumbukumbu yake ya mazungumzo yaleyale.

Adventina, yule mjane aliyekuwa akikaa na Mama kule Butiama, amehamia kwa mwanawe Tarime. Mama hawezi kubaki peke yake na ukungu ule wa macho. Kwa hiyo swali lililopo ni moja: atakaa kwa nani. Ningependa kuliko jambo lolote akae kwangu. Kizuizi si moyo. Kizuizi ni ua.

Unajua kwamba tangu nistaafu kufundisha fizikia nimeweka darubini nyuma ya nyumba. Nakusudia kuipiga picha nebula moja iliyo katika kundinyota la Mshale: wingu la gesi linalong'aa lenyewe kwa kuchochewa na nyota changa zilizo tumboni mwake. Mji una taa nyingi mno kwa kazi hiyo, ndiyo maana nimeagiza vichujio vitatu. Kimoja hupitisha mwanga wa hidrojeni peke yake, kimoja wa oksijeni, kimoja wa salfa. Mwanga mwingine wote, uwe wa taa ya barabarani, wa baa ya jirani au wa mbalamwezi, hurudishwa mlangoni. Ni bawabu asiyemjua mtu ila mmoja. Nimejenga pia nguzo ya zege iliyotengwa na sakafu, hata fahali akipita ua mzima darubini haitajua.

Utaona, basi, kwamba ua wangu umekuwa maabara, na maabara si mahali pa mzee mwenye kuhitaji taa na fimbo. Kabasa ni tambarare, pana majirani, na zahanati iko karibu. Naliacha hili mikononi mwa busara yako.

Mdogo wako,
Hezron


Kabasa, Bunda
2 Mei 2024

Mdogo wangu Hezron,

Marahaba. Barua yako ilifika ikiwa na alama ya mafuta ya chapati, kwa hiyo nadhani kondakta naye ameisoma. Hapa tuko salama. Pamba imeanza kupasuka kwa jirani yangu Enos na kwa wengine wote walionunua mbegu dukani kwangu, na wale ambao mbegu zao hazikuota wamekuja kunisalimu pia. Goti langu la kushoto bado linatabiri mvua kuliko redio.

Nami ningependa kuliko jambo lolote Mama akae kwangu. Bahati mbaya vyumba vyangu viwili vya uani vimejaa kwa sababu ya msimu wa pamba, na huwezi kumlaza mama yako mlangoni.

Nimeisoma sehemu ya vichujio mara mbili, kwa kuwa mimi niliishia kidato cha nne. Nisahihishe nikikosea. Ikiwa kichujio hurudisha mwanga wote isipokuwa wa hidrojeni, taa ya Mama ya kuendea msalani itakudhuru vipi? Na ikiwa fahali akipita darubini haijui, fimbo ya mzee itajulikanaje?

Nina swali jingine, la mtu asiyejua. Umegharamia vichujio ili upate giza hapo Bweri. Butiama, nyumbani kwetu, hakuna taa ya barabarani wala baa, na giza lake ni la bure. Kwa nini darubini haiko kule?

Msalimie Flora. Mwambie kitenge chake kimefika.

Dada yako,
Penina


Bweri, Musoma
9 Juni 2024

Dada Penina,

Shikamoo. Uniwie radhi kwa kuchelewa. Nilikuwa nasahihisha mitihani ya majaribio ya shule mbili zilizonihurumia. Flora amekipenda kitenge na amekishona tayari. Ziwa limetulia, kipupwe kimeingia, na anga sasa ni safi kama nilivyotarajia.

Kuhusu taa ya Mama: kimsingi uko sahihi, kiutendaji si kabisa. Taa za siku hizi hutoa rangi zote, ikiwamo ileile ya hidrojeni, kwa hiyo kiasi kidogo hupenya. Kichujio cha oksijeni ndicho dhaifu zaidi mbele ya taa na mbele ya mwezi. Kuhusu fimbo: nguzo imetengwa na sakafu, nalikiri hilo, kwa kuwa niliandika mwenyewe.

Labda utapenda kujua kazi ilipofikia. Kamera yangu haioni rangi. Hupiga picha za dakika tano tano, nyeusi na nyeupe, na kila moja ikitazamwa peke yake haina kitu ila mchangamchanga. Ni pale zinapolundikwa kwa mamia ndipo mchangamchanga huo hufutana na wingu hujitokeza. Hidrojeni nimeimaliza. Oksijeni na salfa bado.

Sasa nami naomba ufafanuzi. Enos alipita hapa kununua nyavu. Anasema vyumba vyako vya uani vina makarani wawili wa mizani, wenye vitanda, redio na mkataba wa mwaka. Ulipoandika kwamba vimejaa kwa sababu ya pamba, nilidhani ni magunia.

Ili suala hili lisikwame, nipo tayari kumpokea Mama kwa majaribio, mpaka msimu wako wa pamba utakapopungua.

Hezron


Kabasa, Bunda
20 Juni 2024

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole kwa mitihani. Hapa vumbi la pamba limetuingia hata kwenye uji.

Sikuandika magunia. Makarani wale ni wa pamba, na vyumba vimejaa. Wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba mwanafunzi asipewe alama kwa alichodhani.

Nimeona umejibu maswali mawili kati ya matatu. La tatu nitaliacha lilale.

Jumamosi nitapita Butiama kumchukua Mama na kumleta hadi getini kwako. Sitaingia, kwa kuwa gari ni la kuazima na mwenyewe, Stanislausi, hulihesabu kwa dakika. Anakuja na kikapu, mto wake, na jogoo wake, ambaye amekataa kumwacha nyuma. Nakuomba usimweleze jogoo habari za mwanga.

Penina


Bweri, Musoma
18 Julai 2024

Dada Penina,

Shikamoo. Sisi wazima. Mama anakula vizuri, ingawa kuna siku alikuwa hali, nami nitaeleza. Flora amempeleka kwa daktari wa macho. Jicho la kulia litafanyiwa upasuaji, la kushoto linaweza kungoja.

Huna budi kulisikia jambo hili kutoka kwangu kabla hujalisikia kwa kondakta.

Nyuma ya nyumba, kama nilivyoeleza, kuna nguzo. Sikueleza umbo la kile kinachoizunguka, kwa kuwa sikuona haja. Kwa sababu ya ukuta wa jirani, nguzo iko upande mmoja wa jamvi la zege, na upande wa pili ni mahali pa meza na kiti changu. Jamvi lina urefu wa mtu aliyelala na upana wa kutosha. Limeelekezwa kaskazini na kusini sawasawa, kwa kuwa mhimili wa darubini lazima ulenge ncha ya anga, nayo kwetu huku imelala chini karibu na upeo. Mchana kutwa nguzo hufunikwa turubai jeupe. Unaanza kuona ambacho mimi sikukiona.

Kila jioni Mama aliomba kiti chake kiwekwe pale uani, akakaa akilipapasa jamvi kwa ncha ya fimbo, mwanzo hadi mwisho. Nilidhani anapenda upepo. Kisha akaanza kubakiza chakula. Flora alipomuuliza anaumwa nini, akajibu, "Siumwi. Nisile nikawachelewesha."

Flora alinijia jikoni na uso ambao sikuwahi kuuona katika miaka ya ndoa yetu. Nikaenda uani.

"Mama," nikamwambia, "kwa nini huli?"

"Keti," akasema. "Si hapo, hapo ni pangu." Nilikuwa nimekalia jamvi. "Hezron, mimi sigombi. Mtoto kumjengea mzazi mapema ni kujali, hata kama watu watasema. Umeweka simenti nzuri, nimeipiga kwa fimbo, haina mapengo. Lakini baba yako nililalaga ubavuni mwake toka nikiwa msichana. Leo unilaze Bweri? Huku nitaongea na nani?"

Nilimweleza, Dada. Nilimweleza kuhusu darubini, mhimili, mtetemo, na kwa nini zege limechimbiwa kina kile. Nadhani sikuwahi kutoa somo lililo wazi zaidi. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza kama nimemaliza.

"Kwa hiyo hamna mtu wa kulala humu."

"Hamna, Mama."

"Ni ya kushikia ile bomba yako isitikisike."

"Ndiyo."

Akasema bila ukali wowote, kama mtu anayeuliza bei, "Baba yako bado udongo."

Tangu siku hiyo anakula vizuri. Mimi ndiye ninayebakiza.

Kazi ya oksijeni imesimama kwa sababu ya ukungu kutoka ziwani.

Hezron


Kabasa, Bunda
3 Agosti 2024

Mdogo wangu Hezron,

Marahaba. Goti linaendelea. Makarani wanaendelea.

Nilipofika kwenye "hapo ni pangu" nilicheka mpaka mteja akaweka mbegu chini. Nilipofika mwisho nilimwomba aje kesho.

Baba alizikwa mwaka wa ukame ule. Siku ya matanga tulisimama mbele ya ukoo, wewe ukiwa na koti la kijivu, tukasema kaburi litajengewa mvua zikiisha. Hezron, mvua zimekwisha mara nyingi. Kila Krismasi nilikuwa nikisema mwanamume ndiye hujengea, na wewe ulikuwa ukisema mkubwa ndiye huanza. Kaburi limedidimia upande wa miguu. Mama hulipalilia kwa mkono, kwa kuwa yeye haoni na jembe halioni. Tulidhani haondoki Butiama kwa ukaidi wa wazee.

Hapo utaelewa kwa nini swali langu la tatu, lile la giza la Butiama, lina mwenzake, nalo ni la kwangu. Kutoka Kabasa hadi Butiama si safari. Mteja akiniita Butiama kwa magunia matatu, nafika kabla chai haijapoa. Kwa Mama huwa napita tu, siketi.

Nilimpigia juzi, azimio au si azimio. Nikamwambia makarani nitawatoa, aje akae kwangu. Akasema, "Wamekukosea nini?" Nikasema si hivyo, ni kwamba nataka akae kwangu. Akauliza, "Na kwako mmejenga kitu?" Sikujua kama anatania. Nimeishi naye utoto wangu wote na bado sikujua.

Usimwache alipie chochote. Unajua ninachomaanisha.

Penina


Bweri, Musoma
1 Septemba 2024

Dada Penina,

Shikamoo. Flora anakusalimu, zaidi ya hapo hasemi mengi nami. Jicho la kulia la Mama limefanyiwa upasuaji na linaona. Matokeo yake yalikuwa ya haraka kuliko nilivyojiandaa.

Onyo lako lilifika siku moja baada ya tukio. Mama alikuwa amemwita Makongoro, yule fundi aliyenijengea nguzo. Aliketi naye palepale uani, chai mkononi, akimwonyesha kazi yake kwa fimbo.

"Fundi, hii wewe ndiye uliijenga?"

"Ni mimi, Bibi. Mwalimu alinisimamia hadi nikachoka. Alipima mchanga kwa ndoo."

"Nzuri. Basi na mimi nijengee kama hii. Ila yangu ina mtu chini."

Makongoro alinitazama. Nilisema nitagharamia mimi. Mama akasema mtamba wake wa madoa, aliyebaki kwa Bhoke, jirani yake wa ng'ambo ya mto wa pili, ameshafungwa kamba, na fundi ameshakubali kumpokea kama malipo. Nikamweleza kwamba jamvi lisilowekewa nondo hupasuka, na kwamba zege humwagiwa maji kwa siku kadhaa lisikauke upesi.

"Mwambie fundi," akasema. "Mimi usiniambie. Si uliyajua siku zote hizo?"

Aliondoka Jumatano katika bajaji ya Makongoro, kati ya mifuko miwili ya simenti, jogoo akiwa mapajani. Alituaga vizuri sana, Dada. Alimshukuru Flora kwa jicho. Aliniambia picha yangu ikiisha nimletee aione sasa kwa kuwa anaona. Hakukuwa na neno hata moja la kushika na kulijibu.

Naandika haya mchana, uani. Anga la jana lilikuwa safi, mwezi haukuwepo, na taa ya jirani ilikuwa imeungua. Hali bora kuliko zote tangu nianze. Sikufungua turubai. Nakueleza jambo hili kama data, nisije nikaulizwa baadaye.

Hezron


Butiama
29 Septemba 2024

Dada Penina,

Shikamoo. Usishangae anwani. Niko hapa kwa sababu za kitaalamu: Makongoro ni fundi hodari lakini huzidisha maji, na mtu anapaswa kumsimamia. Kwa kuwa nilikuwa nakuja, niliona ni busara kuleta na darubini. Flora ndiye aliyeipakia garini. Aliniambia nisirudi na maelezo.

Kaburi limekamilika. Ni jamvi la kawaida, lenye jina na miaka, bila nakshi. Nilipendekeza vigae, Mama akasema Baba hakuwahi kupenda kuteleza. Mtamba nilijaribu kumrudisha. Makongoro amekataa kuvunja neno la mwanamke mzee, na sijui kwa nini nilitarajia vinginevyo.

Unaweza kutaka kujua kuhusu anga. Jioni ya kwanza, kabla sijafungua sanduku lolote, niliinua macho upande wa Mshale na nebula ilikuwa pale, doa dogo la ukungu, bila lenzi, bila kichujio, bila kamera. Nimetumia msimu mzima nikilikusanya doa lile picha kwa picha kutoka nyuma ya baa. Nimepiga oksijeni na salfa kwa siku chache. Vichujio vinasaidia hata hapa, ningependa hilo lieleweke. Lakini si kwa kiasi nilichokuandikia Aprili.

Nilimwonyesha Mama picha iliyokamilika kwenye kompyuta. Salfa nimeipa wekundu, hidrojeni kijani, oksijeni buluu, kama wafanyavyo wengi. Aliitazama kwa jicho lake jipya, akauliza kama ndiyo rangi yake. Nikasema hapana, kamera haioni rangi, rangi ni uamuzi wangu. Akasema, "Kumbe unachagua." Kisha akaniomba nimpishe, ugali ulikuwa motoni.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, ambalo nimelizungusha kama kawaida ya familia yetu.

Suala tulilokuwa tukiliandikia tangu Aprili halipo tena. Chumba cha Adventina kimepangishwa kwa Mwalimu Justina, aliyehamishiwa shule ya msingi hapo juu. Hulala hapa, humsomea Mama Neno la Mungu jioni, humshika mkono kwenye ngazi. Mama alimtafuta mwenyewe. Hakuna aliyetuuliza, na nikifikiri vizuri, sioni kwa nini tungeulizwa.

Mimi nalala sebuleni kwenye mkeka. Siku mbili za kwanza nilipewa chai na maziwa. Siku ya tatu Mama alinipa jembe, nikalima tuta la mihogo lililo nyuma ya zizi, na sikuona dhihaka machoni pake. Ni utaratibu tu, mgeni ni mgeni. Jana aliniuliza naondoka lini. Nikaeleza kwamba kundinyota la Mshale sasa linatua mapema, na wingu lile halitakuwa mahali pazuri tena hadi Mei.

"Basi uje Mei," akasema.

Dada, sitaki kwenda. Nimeandika sentensi hiyo na nimeiacha bila ushahidi. Nataka kukaa hapa, niwe napeleka maji, na Jumamosi niende kwa Flora, ambaye amekubali kabla sijamaliza kumwomba. Lakini Mama hanihitaji, na mtu asiyekuhitaji huwezi kumfanyia hisani, itabidi umwombe. Wewe ni mkubwa, na mfanyabiashara. Umezoea kuomba kitu ambacho mwenzako hana sababu ya kukupa. Niandikie ni kwa maneno gani mtu wa umri wangu humwomba mama yake mahali pa kulala. Nimeyatafuta kichwani siku nne. Ya kukataa yote ninayo, tena mazuri.

Hezron


Kabasa, Bunda
4 Oktoba 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Pamba imekwisha. Makarani wameondoka wiki iliyopita, mkataba wao ukiwa umekwisha, na vyumba vyote viwili viko wazi; nimevifagia, nimetandika, na jioni huwa naketi mlangoni mwa kimoja bila sababu.

Maneno unayoyataka sinayo. Nilikuwa nimekaa kukuandikia nikuulize wewe, kwa kuwa ndiye msomi.

Nakuja Jumapili baada ya ibada. Usimwambie Mama kwamba nakuja kulala. Nitafika na mkeka wangu, nibishe hodi kama mtu mwingine yeyote, na tutasimama wote wawili hapo nje mpaka atakapoamua.

Penina